Nyanya Zilizokua Hadi Kufa

Nilikuwa nakoka moto jikoni Mama aliporudi kutoka shambani mikono mitupu. Alikuwa ametoka na karai la kuchumia sukuma, na sasa karai halikuwepo. Alisimama mlangoni akiwa ameshikilia mwimo.

"Hebu kuja uone kitu," akasema.

"Ni nini, Mama?"

"Kuja tu. Mimi siwezi kusema."

Nilimfuata nikiwa bado na kiberiti mkononi. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi katika chuo kilichokuwa nje kidogo ya mji wa Eldoret. Nyumbani kwetu kulikuwa Cheptiret, mwendo mfupi kutoka barabara ya lami iendayo Nakuru. Baba na Mama walihamia huko kutoka upande wa Murang'a kabla sijazaliwa, na baba alipofariki tulibaki na kipande cha shamba na jina lake. Nyanya za Mama ndizo zilizonisomesha. Kila mtu aliyepita njia ile alizijua, kwa sababu zilikuwa zimenyooshwa kwenye vijiti kama wanafunzi kwenye gwaride.

Asubuhi ile hazikuwa kwenye gwaride tena. Nilizitazama nikafikiri kwanza kwamba ng'ombe ameingia na kuzikanyaga. Kisha nikainama, na kiberiti kikanidondoka. Hakuna kilichokuwa kimekanyagwa. Kila mche ulikuwa umejipinda wenyewe. Vikonyo vya majani vilikuwa vimeinama kuelekea ardhini, na ncha za matawi zimejisokota kama mkia wa nguruwe. Jana yake, saa kama ile, miche hiyo hiyo ilikuwa imesimama wima, ina maua, mingine ina matunda mabichi ya ukubwa wa gololi.

"Ngai!" Mama akasema, kwa sauti ya chini sana. "Ni nani huyu ananichukia hivi?"

Niliushika mche mmoja nikijaribu kuunyoosha, nao ukarudi palepale ulipokuwa, mgumu, kama mkono wa mtu asiyetaka kusalimiwa. Nimeona mimea ikinyauka kwa jua na nimeona mimea ikioza kwa mvua, lakini hii haikunyauka wala haikuoza. Ilikuwa ya kijani kibichi, imejaa maji, na inajinyonga.

Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika sokoni. Shangazi yangu, dada ya baba, alikuwa na duka la bidhaa ndogondogo kando ya lami, na yeye ndiye aliyekuja wa kwanza akiwa bado amevaa aproni yake. Alizunguka shamba lote mara moja, akasonya, akageuka kutazama upande wa pili wa ua wa kayaba. Huko ng'ambo kulikuwa na ngano ya jirani yetu.

Jirani huyo tulimwita Mzee. Alikuwa mwenyeji wa Uasin Gishu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu mrefu aliyevaa koti la sufu hata jua likiwaka. Yeye na baba walikuwa marafiki. Baba alipofariki, Mzee ndiye aliyetuchimbia kaburi pamoja na wanawe, na mkewe ndiye aliyetuletea mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu kila jioni ya matanga. Mama alimsalimia kwa "chamgei" ya kwao naye akamjibu kwa Kikuyu alichokijua nusu nusu, na wote wawili wakacheka. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

"Wiki hii alikuwa anapiga ngano yake dawa," shangazi akasema. "Nilimwona mimi mwenyewe, na upepo ulikuwa unakuja huku."

"Kila mwaka anapiga," Mama akajibu.

"Na mwaka huu mligombana juu ya ng'ombe."

Ilikuwa kweli kwamba ng'ombe wa Mzee alikuwa amepasua ua na kula mahindi yetu machanga, na Mama alikuwa amemwambia maneno makali. Lakini hayo yalikuwa yameisha, Mzee ameziba ua kwa mikono yake.

"Mzee hawezi," Mama akasema.

"Hawa watu huwajui," shangazi akasema. "Unacheka nao, kumbe wanapima shamba lako kwa macho."

Nilishtuka. Shangazi aliuza sukari na mafuta ya taa kwa "hawa watu" tangu nikiwa mtoto. Alijua watoto wao wangapi wameingia sekondari. Nilimtazama usoni nikitafuta utani, sikuuona.

Siku zilizofuata mimea iliendelea kubadilika, na ndiyo maana hatukulala vizuri. Ingekufa mara moja tungelia tukamaliza. Badala yake ilikua. Majani mapya yalichipuka membamba kama vidole vya kikongwe, mishipa imebanana pamoja. Mashina yalivimba yakapasuka. Asubuhi moja nilipiga magoti kukagua shina lililopasuka nikaona vitu vyeupe vinachungulia, vidogo kama meno ya mtoto. Nilimwita Mama. Ilikuwa mizizi. Mizizi ilikuwa inaota kwenye shina, juu hewani, mahali ambapo hakuna udongo.

"Hii si dawa," Mama akasema huku akirudi nyuma. "Hii ni uchawi."

Watu walianza kuja kuangalia kama wanaokuja kuona maiti. Wengine walisali kando ya ua. Mwanamke mmoja wa kanisani alinyunyiza maji kwenye kona za shamba. Wengine hawakuomba chochote. Walitazama nyanya, wakatazama ngano, wakaondoka wakinong'onezana kwa lugha ya kwetu. Upande wa pili wa ua, mke wa Mzee aliacha kupita kwetu akienda kisimani. Alizunguka mbali, kwa njia ya juu.

Ni shangazi aliyempeleka Mama kwa chifu. Mama hakutaka, lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hushikwa mkono akapelekwa popote. Chifu akaitisha baraza.

Nilidhani baraza litakuwa la majirani kusikizana. Tulikaa kwenye nyasi mbele ya ofisi yake ya mabati, na kabla ya jambo lolote chifu akatusimamisha tuimbe, kisha akatueleza kwa kirefu juu ya amani, upendo na umoja, na jinsi chama kilivyotulea. Watu walipiga makofi. Miaka ile hukuacha kupiga makofi kabla mwenzako hajaacha. Ndipo akamwita Mzee asimame.

"Mzee, huyu mama mjane anasema nyanya yake imepigwa sumu. Wewe ulipiga dawa?"

"Nilipiga ngano yangu dawa ya magugu," Mzee akasema.

"Siku gani?"

"Wiki hiyo hiyo."

"Upepo ulikuwa unaenda wapi?"

Mzee alikaa kimya. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anaizungusha. Nilimtazama nikimwomba moyoni aseme kitu, akatae, akasirike, aape kwa watoto wake.

"Nimekuuliza juu ya upepo!"

"Sijui, Chifu," akasema mwishowe. "Mimi siwezi kusema sikufanya. Siwezi pia kusema nilifanya."

Kelele zikazuka. Shangazi akainuka akapiga makofi, "Mmesikia? Mmesikia?" Chifu akauliza kama Mzee amelipia kadi ya chama mwaka ule. Sikuelewa kadi inahusiana vipi na nyanya, na nadhani hakuna aliyeelewa, lakini hakuna aliyeuliza. Mzee akasema kadi iko nyumbani. Chifu akasema kuna watu wanaotumwa kuvuruga amani kati ya makabila, na kwamba jambo la sumu si jambo la shamba tena, ni jambo la usalama. Akamwashiria askari wake.

Walimshika mikono yote miwili. Mzee wa watu, mwalimu wa nusu ya watu waliokaa kwenye nyasi zile. Kofia yake ikaanguka na hakuna aliyeiokota. Mama alikuwa amefunika mdomo kwa leso. Alipoinuka kusema kitu, shangazi alimvuta nguo akaketi. Nami sikuinuka. Tulikuwa tumekuja kuuliza juu ya mimea, na sasa mtu anafungwa ndani ya chumba cha mabati nyuma ya ofisi, na watu wanakung'uta nyasi kwenye nguo zao, wanarudi makwao kupika.

Kesho yake nilichimba mche mmoja wa nyanya na mizizi yake yote, nikaufunga kwenye gazeti lenye unyevu, nikaenda Eldoret. Sikumwambia Mama ninakoenda. Chuoni kulikuwa na mwalimu wetu wa botania, mwanamke mwenye nywele za mvi na sauti ya upole, aliyekuwa akibaki wakati wa likizo kutunza mimea yake. Maabara yake ilikuwa haijamalizwa kujengwa. Upande mmoja madirisha yalikuwa na vioo, upande mwingine yalizibwa kwa karatasi za nailoni. Kwenye viunzi vya madirisha alikuwa amepanga mikebe ya mafuta ya kupikia iliyooteshwa maharagwe.

Nilifungua gazeti mezani. Hakushangaa kama nilivyotarajia. Aliinama akaigusa ile mizizi ya hewani kwa ncha ya kalamu.

"Hukumbuki somo la homoni?" akaniuliza.

Nilikumbuka nusu. Alikuwa ametufundisha kwamba mmea una homoni yake ya kukua, kitu kidogo sana kinachotoka kwenye ncha changa na kuuambia mwili wake urefuke wapi, uiname wapi, uote mizizi wapi.

"Hii dawa ya magugu wanayopiga kwenye ngano, wanayoiita tu-fo-di, ni ya kuiga homoni hiyo," akasema. "Mmea unaipokea ukidhani ni sauti yake wenyewe. Unaambiwa ukue. Unakua. Unaambiwa tena, na tena, bila kupumzika. Kila sehemu inakua bila kusubiri nyingine, mpaka mishipa inajibana na shina linapasuka."

"Kwa hivyo unakufa kwa kukua?"

"Unakufa kwa kukua."

Nilikaa kwenye stuli. Nilikuwa nimeandika maneno hayo kwenye daftari na kupita mtihani kwa maneno hayo, na sikuwa nimewahi kuyaona. Sasa yalikuwa mbele yangu kwenye gazeti. Na kama ni tu-fo-di, basi ni Mzee.

"Jirani yetu ameshikwa kwa sababu ya hii," nikamwambia, nikamweleza yote.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja. "Miche iliyo karibu na ua wake imeharibika zaidi ya iliyo mbali?"

"Hapana. Yote ni sawa."

"Kati ya ua na nyanya mmepanda nini?"

"Maharagwe."

"Nayo yakoje?"

"Mazima," nikasema polepole. Maharagwe yalikuwa mazuri. Tulikuwa tukiyapita kila asubuhi kwenda kulia juu ya nyanya, tukiyagusa kwa nguo zetu, mabichi, yamenyooka, hayana hata jani moja lililojikunja.

"Haragwe ndilo linaloumia upesi kuliko yote," mwalimu akasema taratibu. "Upepo hauwezi kuruka maharagwe ukaangukia nyanya. Sasa niambie, nyanya zenu mlizipiga nini?"

"Dawa ya blaiti tu, ule ukungu wa majani. Mama anapiga kila mvua ikizidi."

"Kwa kitu gani?"

Hapo ndipo nilipoikumbuka pampu. Miaka yote Mama alipiga dawa ya blaiti kwa kuchovya kifagio cha matawi kwenye ndoo na kuirusha juu ya miche. Lakini mwezi ule mjomba wangu, ndugu mdogo wa Mama, alikuwa amerudi kutoka Moiben alikokuwa akifanya kazi ya kupiga dawa kwenye mashamba makubwa ya ngano. Mwajiri wake alikuwa amemwachia pampu ya zamani ya kubeba mgongoni. Akamletea Mama kama zawadi. Aliifunga mikanda yake mwenyewe mgongoni kwa Mama, akacheka, akasema, "Dada, wacha mambo ya kifagio. Sasa wewe ni mkulima wa kisasa." Siku moja kabla nyanya hazijajipinda, Mama alikuwa ameitumia kwa mara ya kwanza.

"Ilete," mwalimu akasema.

Niliileta siku iliyofuata, nimeifunga ndani ya gunia. Kwa macho ilikuwa safi. Hata harufu haikuwa nayo. Mwalimu alitia maji matupu ndani yake, akayatikisa, akapiga mikebe kadhaa ya maharagwe machanga iliyokuwa upande mmoja wa dirisha. Mikebe ya upande mwingine aliimwagia maji ya bomba. Kisha akanipa chai, tukakaa.

Nilikuwa nimeamini kwamba mimea ni vitu vilivyotulia. Alasiri ile niliyaona maharagwe yakisogea. Si kwa haraka ya kuonekana kwa mtazamo mmoja, lakini niliangalia, nikanywa chai, nikaangalia tena, na yale ya pampu yetu yalikuwa yameanza kuinamisha vichwa. Kabla sijaondoka kurudi stejini yalikuwa yamejisokota. Yale ya maji ya bomba yalikuwa yamesimama wima, yanatazama mwanga.

"Maji matupu," nikasema. "Ulitia maji matupu."

"Tu-fo-di inajificha kwenye mpira wa pampu na kwenye viungo," akasema. "Kusuuza kwa maji hakuiondoi. Na inayohitajika kuua nyanya ni kidogo sana."

"Lakini mjomba alipiga mahindi yake dawa ya viwavi kwa pampu hii hii. Hayakuwa na shida yoyote."

"Mahindi, ngano, nyasi, hizo hustahimili. Ndiyo maana dawa hii inatumika."

"Inajuaje hii ni ngano na hii ni nyanya? Inaingia wapi mpaka mmea unaisikia hivi?"

Alitabasamu kwa mara ya kwanza, tabasamu la uchovu. "Hilo mimi sijui. Na anayekwambia anajua, mwombe akuonyeshe. Tunajua imepiga hodi na tunajua nyumba imeanguka. Katikati hapo hatujaona."

Nilipofika nyumbani, mjomba alikuwa ameketi jikoni na Mama, wanakula. Niliweka pampu sakafuni nikawaambia. Nilijaribu kusema polepole, lakini hakuna upole wa kusema jambo kama hilo. Mama aliacha kutafuna. Mjomba aliitazama pampu, akamtazama dada yake, akainuka akatoka nje, na tukamsikia akitapika nyuma ya nyumba.

"Niliiosha mtoni," alisema aliporudi, machozi yakimtiririka. "Dada, niliiosha mpaka mikono ikaniuma."

Mama alisukuma sahani yake kando. Nilidhani amekasirika. Kumbe akili yake haikuwa kwa nyanya wala kwa mjomba. "Mzee yuko ndani," akasema. "Yuko kwa mabati, na baridi hii." Akavaa sweta, akaweka leso kichwani, akatoka. Tulimkimbilia.

Chifu alikuwa ofisini na watu wanaongoja barua zake wamejaa kwenye benchi. Nilimweleza juu ya pampu na maharagwe. Alinisikiliza huku akichonga penseli, akaniambia nimesoma vizuri, lakini ripoti imeshapelekwa kwa D.O., mkuu wa tarafa, kwamba mtu wa kuvuruga amani amepatikana.

"Lakini si yeye," nikasema.

"Sasa unataka niandike kwamba serikali imekosea? Kwa sababu ya nyanya?"

Kila mtu kwenye benchi alitazama chini. Hapo ndipo Mama, ambaye kanisani hakuwahi hata kusoma tangazo, aliposogea mbele ya meza ile, chini ya picha ya Rais, akanyoosha mikono yake miwili iliyokunjwa ngumi kama mtu anayengoja pingu.

"Basi nifunge mimi," akasema. "Aliyepiga sumu ni mimi. Kwa mkono huu. Niweke ndani, halafu umtoe mzee wa watu. Andika hivyo kwa ripoti."

Niliona chifu akishtuka kweli kweli, penseli ilisimama. "Mama, keti."

"Siketi."

"Mama, unaleta mambo gani?"

"Siketi, Chifu. Mimi ndiye nilileta hayo mashtaka, mimi ndiye nimepiga sumu. Hawa wote wamesikia."

Mtu mmoja kwenye benchi akakohoa. Mwingine akasema polepole, "Ni kweli, tumesikia." Chifu alitutazama sote mmoja mmoja. Sijui alihesabu nini kichwani. Mwishowe akampigia askari kelele afungue mlango, kana kwamba askari ndiye aliyeufunga kwa hiari yake.

Mzee alitoka akiwa amekunja macho kwa mwanga. Ndevu zilikuwa zimemwota. Hakuwa amepigwa, alituambia hivyo kabla hatujauliza, lakini alitembea kama mtu aliyekaa kwenye sakafu ya saruji siku nyingi. Tulitembea naye kurudi upande wa nyumbani, na Mama akamweleza, mara kwa mara akikatika sauti. Alimwomba msamaha. Alimwambia juu ya pampu, juu ya ndugu yake, juu ya maharagwe yaliyosimama mazima tukiyapita.

Mzee alisimama katikati ya njia.

"Unasema si mimi?"

"Si wewe, Mzee."

"Si upepo wangu?"

"Si upepo wako."

Alishika uso wake kwa viganja viwili, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia kwa hasira ya kufungwa bure. Alipoweza kusema, alisema, "Mimi nilijua ni mimi. Siku ile upepo uligeuka nikiwa katikati ya shamba na nikasema, wacha nimalizie. Nilipoona nyanya ya mke wa rafiki yangu, sikulala tena. Kule ndani nilikuwa nasema, hata nikae mwaka, ni haki yangu."

Ndiyo maana alinyamaza barazani. Sisi tulikuwa tumeusoma unyamavu wake kama hatia ya mtu mwenye chuki, na ulikuwa unyamavu wa mtu aliyeshindwa kudanganya. Hadi leo, nikikumbuka mambo yote ya likizo ile, hakuna lililonishtua kama hilo.

Tuling'oa nyanya na kuzichoma. Mjomba alivunja pampu kwa shoka, na hakurudi Moiben tena kufanya kazi ile. Alianza kufuga kuku. Mzee alirudia kutusalimia kama zamani. Mkewe hakurudia. Alipita njia ya juu kwenda kisimani hadi wanawe walipomchimbia kisima chake, na Mama hakumlaumu kamwe. Shangazi aliendelea kuwauzia wateja walewale sukari na mafuta, na sikuwahi kumsikia akitaja baraza lile.

Mimi nilimaliza chuo, nikafundisha, nikasoma zaidi, na swali nililomwuliza mwalimu wangu halikuniacha. Jibu lilikuja baada ya miaka mingi, wakati wa vyama vingi, wakati mwalimu mwenyewe ameshafariki. Nilikuwa peke yangu ofisini nikisoma kazi za watafiti wa mbali, na nilipofika sehemu yenyewe niliinuka kwenye kiti bila kujua nimeinuka.

Maisha yangu yote nilidhani homoni huja na amri: jeni, amka, fanya kazi. Kumbe jeni za kukua ziko macho wakati wote. Zimezuiwa. Ndani ya seli kuna protini ndogo zinazozikalia kama walinzi mlangoni. Homoni inapofika hujibandika kati ya mlinzi na kimeng'enya fulani, ikawashikanisha kama gundi. Kimeng'enya kinamtia mlinzi alama, na mwenye alama ile huburutwa hadi kwenye kinu cha seli akasagwa vipande vipande. Mlango unabaki wazi na jeni zinaanza kazi. Katika mmea wenye afya homoni hupungua, walinzi wapya hutengenezwa, mlango hufungwa, mmea unapumzika. Tu-fo-di haipungui upesi. Kila mlinzi anayezaliwa anasagwa.

Jumamosi iliyofuata nilienda Cheptiret kumweleza Mama. Alikuwa mzee sasa, macho yamefifia, lakini masikio yalikuwa makali. Nilimweleza jikoni, kwa lugha ya nyumbani, nikitumia punje za mahindi kwenye ungo kuwa walinzi.

Alizigusa punje kwa kidole, moja baada ya nyingine.

"Na hicho kinu," akauliza, "ni cha hiyo dawa?"

"Hapana, Mama. Ni cha nyanya yenyewe. Kiko ndani yake siku zote."

"Na hicho kimeng'enya cha kutia alama?"

"Cha nyanya pia."

"Na walinzi?"

"Wa nyanya."

Mama aliondoa mkono kwenye ungo kana kwamba umemchoma. "Uuwi!" akasema. "Kwa hivyo sisi hatukuleta kitu ila neno tu?"

Akageuza uso kuelekea kwa Mzee, ng'ambo ya ua. Alizikusanya punje kiganjani, akainuka kwa shida, akatoka nje kuwatupia kuku.